Faili la Takataka

Ukumbi wa kubadilishia leseni za udereva ulikuwa na watu kama mia tatu, feni nne ambazo mbili zilikuwa mapambo, na tundu moja tu la umeme. Tundu lenyewe lilikuwa ukutani, nyuma ya benchi la mwisho, na mwanamke aliyelikalia tangu saa mbili asubuhi hakuwa na nia ya kumwachia mtu. Alivaa gauni la kijani lililopauka mabegani na viatu ambavyo kisigino kimoja kilikuwa kimelika kuliko kingine. Laptopu ilikuwa mapajani. Namba yake ilikuwa mia nne na kumi na mbili, na dirishani ndiyo kwanza walikuwa wanaita mia moja na tisini.

"Dada, samahani," mwanamume mmoja alimwambia. "Naomba tugawane umeme."

"Tundu ni moja, kaka yangu."

"Nina ekstensheni."

Akafungua mkoba, akatoa waya mweupe wenye matundu manne, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira. Hapo ndipo yule mwanamke alipomtazama. Shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo vya mikono, doa la wino mwekundu mfukoni, miwani iliyogandishwa kwa gundi karibu na sikio. Mtu anayekuja na ekstensheni ofisi ya leseni, alijiambia, huyo dunia imeshamtesa kama mimi.

Hivyo ndivyo walivyokutana. Mnaotaka mioyo idunde na magoti yalegee, niwieni radhi. Hawa walikutana wamechoka, wakapendana wamechoka, na uchovu huohuo nusura uwatenganishe.

"Unaandika nini kwa hasira hivyo?" mwanamume aliuliza baada ya namba arobaini kupita.

"Nafuta kitu. Unaijua ile programu ya kutunza kazi ya watu wengi? Inayokumbuka nani alibadilisha nini na lini?"

"Tunayo ofisini. Mimi nahariri vitabu vya hesabu vya shule. Waandishi sita, kila mmoja na jibu lake."

"Basi sinia unalijua."

"Nalijua kama jina langu."

Na wewe msomaji ulijue, maana ndilo lililoleta balaa. Katika programu ile, kazi yako haiendi ghalani moja kwa moja. Kwanza unachagua, hiki na hiki na kile, unaviweka siniani. Kisha unapeleka sinia ghalani, na kilichoingia ghalani hakisahauliki tena. Usichokiweka siniani kinabaki mezani kwako, hakuna anayekiona.

"Nalifuta sinia," mwanamke alisema. "Mwaka wa pili huu nalipigania. Watu wanasahau kuweka vitu, wanapeleka sinia nusu tupu, kesho yake kazi haifunguki, na matusi tunapokea sisi. Programu ichukue yenyewe kila kilichobadilika. Ukifunga kazi, vyote vimeingia."

"Vyote?"

"Vyote."

"Hata vya kijinga?"

"Vya kijinga unavifanyia nini kwenye folda ya kazi?"

Mwanamume akatabasamu tu. Laiti angejibu swali lile siku ile, mimi ningekuwa nimemaliza hadithi na kwenda zangu kujinyoosha.

"Basi wewe ni Fundi," alisema.

"Na wewe?"

"Kazini wananiita Nukta. Eti nasimamisha kila mtu."

Ilipofika namba mia nne na kumi na mbili saa tisa alasiri, mtandao wa ofisi ukakatika, wakaambiwa warudi kesho. Hakuna aliyelalamika kati yao wawili. Waliagana getini, kila mmoja akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba ili asiwe wa kwanza kuondoka.

Miezi minane iliyofuata walipendana zaidi kwa simu kuliko kwa macho. Fundi alikaa chumba kimoja ghorofa ya nne, na ofisini kwao kikundi cha watu saba kilikuwa kinafukuzana na tarehe ya mwisho ya kazi. Nukta alikaa upande wa pili wa mji na dada yake mkubwa, muuguzi, mjane. Asubuhi saa moja, simu. Mchana, simu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula."

"Ilikuwa na sukari nyingi."

"Unanizeesha, mama."

"Ulikuja nao uzee, mpenzi. Mimi niliukuta."

"Umechoka?"

"Sijachoka," alisema Fundi, huku vidole vyake vikiendelea kugonga vitufe, na Nukta alivisikia.

Siku walizoonana walikaa kwenye benchi la bustani ya manispaa, Fundi kalaza kichwa begani kwa Nukta, na mara mbili alisinzia katikati ya sentensi yake mwenyewe. Nukta hakumwamsha. Mwishowe mambo yakapangwa: Dada aende kwa mama yake Fundi, wakubwa waonane, liwekwe wazi. Ikachaguliwa Jumamosi.

Wakati huohuo programu mpya ikawa tayari kujaribiwa, na kampuni ya vitabu anakofanya kazi Nukta ilikubali kuwa ya kwanza. Walipewa barua ya ukurasa mmoja: sinia halipo tena, programu itachukua kila kilichomo kwenye folda, na kwa muda wa majaribio watengenezaji watapitia kilichochukuliwa. Kila mfanyakazi alitakiwa kutia sahihi. Nukta, mtu anayesoma mpaka maandishi ya chini ya chupa ya dawa, alikuwa na kurasa mia nne za Kitabu cha Tano mezani na siku sita za kuzimaliza. Alitia sahihi bila kusoma. Mhariri mzima.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Nukta hufikiri kwa vidole. Likimkaa jambo moyoni, hulichapa kwanza, upande mbaya wote, tena kwa ukali, ndipo aweze kulitazama. Kwa miaka tisa alikuwa na faili moja katikati ya sura za kitabu, akaliita takataka. Hakuwahi kuliweka siniani hata siku moja. Lilikuwa lake, juu ya meza yake, na alilifutafuta na kuliandika upya kama mtu anavyopangusa ubao.

Jumatano, siku kumi kabla ya Jumamosi ile, zamu ya kupitia orodha ya mafaili yaliyochukuliwa ilikuwa ya Fundi. Saa tatu asubuhi, kikombe mkononi, alikuwa anatafuta kama programu yake imezoa uchafu wowote. Sura ya nne. Sura ya saba. Mchoro wa pembetatu. Takataka. Akalifungua kwa furaha kabisa, maana ndilo alilokuwa analitafuta.

"Kwa nini nisimwoe Fundi," liliandikwa. "Moja. Amechoka kila siku, na nikimuuliza anasema hajachoka. Mbili. Ananisikiliza huku anaandika. Tatu. Nyumba ina Dada tayari. Wanawake wawili, jiko moja. Nne. Sijui kama nampenda au nimezoea tu sauti yake kwenye simu. Tano. Mimi mwenyewe nimechoka. Watu wawili waliochoka wataoanaje?"

Ile ya nne aliisoma mara tatu. Iliuma, sitatafuta neno jingine. Alifunga laptopu, akaenda kuosha kikombe kilichokuwa bado na chai nusu, akarudi na kuwaambia wenzake orodha ya kampuni ile wasiiguse mpaka aseme. Kichwa kinamuuma, alisema, na hakuwa anadanganya.

Mchana simu ikaita.

"Fundi wangu."

"Naam."

"Naam tu? Leo sina hata jina?"

"Nina kazi."

"Kazi unayo kila siku, na jina huwa sinyimwi."

"Jumamosi ya wiki ijayo, mwambie Dada asije."

Upande wa pili kulisikika mashine ya kuchapa karatasi, ikachapa, ikakwama, ikaanza tena.

"Kuna nini, mpenzi?"

"Hakuna kitu. Tuahirishe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uwe na uhakika."

"Uhakika wa nini?"

"Naingia kikaoni," Fundi akasema, akakata. Hakukuwa na kikao. Aliingia chooni akajifungia, akalia bila sauti, akanawa uso, akarudi kwenye kiti.

Sasa mtasema, kwa nini asimuulize tu? Angemuuliza vipi? Angeanza kwa kusema amesoma mambo ya ndani ya mtu mwenye akili zake, asiyejua kama anasomwa. Kinyongo na aibu vikikaa chumba kimoja, hakuna anayetoka kufungua mlango. Nukta naye alipiga simu Alhamisi, akapiga Ijumaa, na Jumamosi akaandika ujumbe mmoja: "Kama umenichoka niambie." Hakujibiwa. Mtu mpole ana kiburi chake, na ni kibaya kuliko vyote kwa kuwa hakina kelele. Hakupiga tena.

Siku ya nane, Alhamisi, mlinzi wa chini ofisini kwao alimpigia Fundi: kuna mama anamuulizia. Alimkuta Dada amekaa kwenye kochi la wageni, sare ya uuguzi chini ya sweta la bluu, viatu vyeupe amevivua na kuvipanga pembeni.

"Wifi," Dada alisema. "Sijaja kuomba wala kugomba. Nimetoka zamu na miguu inawaka moto. Kaa."

Fundi akakaa. Kuitwa wifi kulimpata mahali pabaya.

"Mdogo wangu anasema umemchoka."

"Mimi ndiye nimemchoka?"

"Sasa nani? Mtu hali, halali, anahariri kalenda ya ukutani kwangu kwa wino mwekundu. Nimesema nije nimwone huyu aliyechoka."

Ndipo Fundi akatoa yote, macho akiyaelekeza kwenye vile viatu vyeupe. Orodha, sababu tano, ile ya nne. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, mabega tu yakitikisika.

"Za kwako tano? Mimi zilikuwa kumi na moja."

"Za nini, Dada?"

"Mume wangu alipofariki nilibaki sina pa kukaa. Nikaenda kwa mdogo wangu kuzungumza naye. Hayupo, ufunguo uko kwa jirani, nikaingia. Jikoni, chini ya kopo la sukari, karatasi: Kwa nini Dada asije kukaa kwangu. Sababu kumi na moja. Ya tisa ilikuwa nakoroma."

"Ukafanyaje?"

"Nikalia, nikarudi nilikotoka, nikanuna. Siku ya tatu akaja yeye na gari la kukodi kubeba mizigo yangu. Nafika, chumba kimepakwa rangi, kitanda kipya, pazia. Huu mwaka wa sita. Na nakoroma kweli." Dada alivuta kiatu kimoja kwa kidole cha mguu. "Ndivyo alivyo tangu mtoto. Anatapika ubaya wote kwenye karatasi, anaitupa, halafu anafanya wema kimya kimya. Kosa langu lilikuwa kuisoma kabla hajaitupa. Wewe ya kwako ulipewa na nani?"

"Hakuna aliyenipa. Programu yangu iliichukua."

"Ilipewa?"

"Haikupewa."

"Basi," Dada alisema, akavaa kiatu cha pili. "Nisindikize mpaka mlangoni, wifi. Nimeishiwa nguvu."

Alipopanda juu tena, Fundi alikaa mbele ya orodha. Ghala lilikuwa na kila toleo la lile faili tangu Jumatano ile, siku nane za Nukta akiandika na kufuta, zimepangwa kwa saa na dakika. Kwa kubonyeza mara moja tu angejua yote. Kidole kilishafika juu ya kitufe. Hata angekuta maneno matamu, yangekuwa ya wizi vilevile, na safari hii asingekuwa na wa kumsingizia. Akainuka, akaenda kwa Mkuu wa kikundi.

Mkuu alikuwa bibi mfupi mwenye miwani minene na meza isiyo na hata karatasi moja.

"Uzinduzi tuusogeze," Fundi alisema.

"Uzinduzi ni wiki ijayo."

"Najua. Programu inazoa vitu ambavyo mtu hajaamua kuvitoa. Kuna faili la mtu binafsi limeingia ghalani kule kwenye vitabu. Nililisoma. Naomba lifutwe lote, na matoleo yake yote, na asilifungue mtu."

"Miaka miwili umetuimbia sinia lifutwe. Leo unalirudisha?"

"Sinia silirudishi. Faili ambalo programu inalijua, lichukuliwe lenyewe, hapo sirudi nyuma. Lakini faili geni libaki mlangoni mpaka mwenyewe aseme liingie. Nilidhani watu wanasahau tu. Sikujua kuna vitu wanaviacha nje kwa makusudi."

"Itakula miezi miwili."

"Najua."

"Na sababu utaiandika wewe kwenye taarifa. Kwa jina lako, kosa lako."

"Nitaiandika."

Mkuu aliangalia saa. "Litafutwa kesho saa nane mchana. Nenda nyumbani, umechoka."

"Hapana, sija..." Fundi alianza, kisha akaiacha ile sentensi kama ilivyo. Akashika mgongo wa kiti. "Ndiyo. Nimechoka sana."

Ijumaa saa nne asubuhi alipanda ngazi za kampuni ya vitabu. Alivaa lile gauni la kijani, si kwa mapenzi, ndilo pekee lililokuwa limekauka. Nukta alikuwa amezungukwa na marundo ya karatasi, shati halikupigwa pasi, wino mwekundu mpaka kwenye kidevu. Alipomwona alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Sijaja kukaa sana," Fundi alisema. "Una faili linaitwa takataka. Sinia halipo tena, Nukta. Lilichukuliwa. Nililisoma Jumatano ya wiki iliyopita."

Nukta alitazama laptopu yake, kisha akamtazama Fundi, kisha akavua miwani na kuishika mkononi.

"Ulisoma."

"Nilisoma."

"Ukanyamaza siku tisa."

"Nikanyamaza siku tisa."

"Nikadhani nimefanya nini. Nimepitia kila neno nililowahi kukwambia, Fundi, kama napitia kitabu." Sauti yake ilikuwa chini, na ilikuwa na hasira. "Ungeniuliza ningekujibu. Ungenitukana ningekujibu."

"Niliona aibu. Na iliniuma. Nisamehe."

Nje, mtu alikuwa anasukuma toroli la karatasi kwenye korido, gurudumu moja likilia. Walisubiri lipite.

"Na zilizofuata?" Nukta aliuliza. "Maana niliendelea kuandika."

"Sijazisoma. Nimeomba zifutwe zote. Saa nane leo zinaondoka."

"Ungeweza kuzisoma."

"Ningeweza."

Nukta alivaa miwani. Akavuta kiti cha pili, akaondoa Sura ya Tisa iliyokuwa imekikalia, akampa ishara akae. Akafungua faili.

"Basi nitakusomea mwenyewe. Tatu nimeifuta. Ilikuwa uongo, Dada hajawahi kukaa jikoni zaidi ya dakika kumi. Nne niliifuta Jumapili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu simu ilinyamaza. Kama ni sauti tu niliyoizoea, siku chache zingetosha kunizoesha kimya. Kila nikiona kitu nakigeuza maneno ya kukusimulia. Nakupenda, ndiyo hivyo, na imenichosha." Akashusha macho kwenye kioo. "Mbili ipo bado. Unanisikiliza huku unaandika."

"Ni kweli. Iache. Nitaifanyia kazi."

"Moja ipo."

"Moja ifute. Nimechoka, Nukta. Nilikuwa nimechoka siku ile ya ekstensheni na sijapumzika tangu hapo. Niliogopa nikisema utaona umebeba mzigo."

Akaifuta. Vidole vyake vilikaa juu ya vitufe bila kugonga.

"Imebaki tano," alisema. "Hii nimeihangaikia siku tisa, sijapata jibu. Watu wawili waliochoka wataoanaje?"

Fundi alikuwa amevua kile kiatu chenye kisigino kilicholika, amekiweka juu ya Sura ya Tisa.

"Tutapokezana," alisema. "Leo uchoke wewe, kesho mimi."

"Na siku tukichoka wote?"

"Siku hiyo yupo Dada."

Nukta alicheka, na kucheka kulimfanya apanguse macho kwa mkono wenye wino, uso mzima ukawa mwekundu. Fundi akatoa leso, akaanza kumfuta taratibu, kidevu kwanza.

"Nikuulize bila faili," Nukta alisema chini ya ile leso. "Utakubali nikuoe?"

"Nimepanda ngazi zenu zote kwa kiatu hiki. Unadhani nimefuata hesabu?"

"Sema basi."

"Nakubali. Mpigie Dada simu. Kesho ni Jumamosi, umwombe radhi kwa usumbufu, umuulize kama anaweza tena kwenda kwa mama."

Nukta akapiga, akaweka sauti ya wazi ili wasikie wote wawili. Dada aliachia simu iite muda mrefu kabla ya kuipokea, na alisikika kama ametoka usingizini. Nukta akaeleza, akaomba radhi mara mbili, akauliza.

"Kwani nani aliwaambia mimi nimeahirisha?" Dada akasema. "Gauni liko kwenye kamba tangu Jumanne. Niacheni nilale."